Kuta Mbili za Nyumba ya Katikati

Jumatatu, 12 Agosti 1974

Chai ya rangi, bila sukari. Foleni ya maji ilianza kabla ya mwanga. Dada amerudi na ndoo moja, nusu yake tope. Tumeiacha itulie.

Nimeandika kurasa mbili, nimezichana. Mhariri anataka habari ya nyumba mpya za kijiji hiki, na picha. Nimezikagua zote, kutoka barabara ya Ihanja hadi korongoni. Nyingi ni nguzo zisizo na udongo. Chache zina paa. Nzuri kuliko zote ni hii ninayolala, ya dada yangu Felista na majirani zake wawili. Sisemi hivyo kwa sababu ni dada yangu.

Ni tembe. Nyumba tatu zimeungana mstari mmoja chini ya paa moja la udongo. Kushoto anakaa Hamisi, mkewe na watoto wao saba. Kulia, Mzee Yohana na mkewe. Katikati Felista, mjane, peke yake, katika chumba chembamba kuliko vyote. Kila kaya ina mlango wake. Kati ya Hamisi na Felista kuna ukuta mmoja. Kati ya Felista na Mzee Yohana, mmoja. Kwetu watu hujenga hivyo. Ukuta mmoja unabeba boriti za nyumba mbili. Zamani mtu mwenye mtama angeweza kujenga peke yake: anapika pombe, majirani wanakuja asubuhi, jioni nguzo zimesimama. Mwaka huu mtama wa kula haupo, sembuse wa pombe. Wale watatu wakaunganisha mikono na kuta.

Felista alisiliba mbele yote mwenyewe. Hakuna mahali unapoona nyumba moja imeishia na nyingine imeanzia. Anauonea fahari ukuta ule. Ana haki.

Kesho ukaguzi.


Jumanne, 13 Agosti

Katibu wa kata amefika saa nne. Kijana, suruali imenyooshwa kwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Alimpa dada shikamoo kabla ya kumharibia siku.

Agizo alilopewa ni fupi. Kaya moja, nyumba moja, kuta nne. Kaya isiyo na nyumba ya kuta nne inahesabiwa kwamba haijahamia. Isiyohamia haipewi debe la mahindi ya serikali. Kiwanja na shamba lake anapewa mwingine.

Akazunguka tembe. Mbele ukuta mmoja. Nyuma mmoja. Ubavu wa Hamisi, ubavu wa Mzee Yohana. Nne. Akaandika nyumba moja.

Hamisi akamwambia ahesabu milango, ipo mitatu.

"Hata ofisi yangu ina milango miwili, Ndugu Hamisi," Katibu alisema, "na mpaka leo sijaiona hiyo kaya ya pili."

Watu wakacheka. Hamisi naye akacheka, halafu akaacha.

Maana yake: debe moja kwa kaya tatu, na viwanja viwili kuchukuliwa. Kwao kwa zamani, ng'ambo ya mbuga, mapaa yameshushwa. Boriti za kule ndizo zilizopo hapa juu ya vichwa vyetu. Hakuna pa kurudi.

Nimekasirika. Nimekula kidogo, si kwa hasira, chakula ndicho kilikuwa kidogo.


Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda ofisi ya kata. Nilichukua vibiriti vitatu vitupu. Nilifikiri jambo hili ni la hesabu, na hesabu ina jibu moja.

Nikaviweka mezani, kila kimoja mbali na mwenzake. Kibiriti kina nyuso sita. Vitatu, nyuso kumi na nane. Nikavisogeza vikagusana ubavu kwa ubavu. Kila vinapogusana, nyuso mbili zinajificha ndani, moja ya huyu na moja ya yule. Miungano miwili, nyuso nne zimepotea machoni. Zimebaki kumi na nne. Lakini vibiriti bado ni vitatu. Hakuna kilichopungua isipokuwa kinachoonekana. Cha katikati kimeficha nyuso mbili, basi. Hakijaacha kuwa kibiriti.

Katibu alinisikiliza vizuri. Si mjinga. Alichukua karatasi, akavifunga vibiriti vyote vitatu pamoja, akakunja pembe vizuri, akanirudishia.

"Hesabu sasa, ndugu mwandishi."

Sita. Juu, chini, mbele, nyuma, ubavu na ubavu. Kibiriti kimoja kirefu.

Karatasi ile ni udongo wa Felista. Laiti angesiliba vibaya, alama za miungano zingeonekana na leo ningekuwa na la kusema. Katibu akanieleza, bila ukali, kwamba wakubwa wake wakija hawataingia ndani. Watapita na gari. Watahesabu wanachokiona barabarani.

Nikamwomba jambo moja: aje aingie ndani, ahesabu kuta zenyewe, si nyuso za nje. Akafikiri. Akakubali. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nafurahi mtu akinikubalia.


Alhamisi, 15 Agosti

Amekuja. Ameingia milango yote mitatu, ameinama kila mara, amegusa kila ukuta kwa kiganja kama mtu anayehesabu ng'ombe zizini. Nyuma kuta tatu, mbele tatu, za ubavuni mbili, na mbili za kati. Kumi.

Akasimama uani akagawa. Hamisi, nne. Mzee Yohana, nne. Zimebaki mbili.

"Nyumba mbili zimetimia," alisema. "Ya katikati ina mbele na nyuma tu."

Nikamwambia mtu hawezi kukaa katika nyumba yenye mbele na nyuma tu, na Felista anakaa. Akasema analiona hilo. Akasema pia kwamba ukuta mmoja hawezi kuuandika kwa kaya mbili, kama vile ng'ombe mmoja haandikwi kwa wenyewe wawili. Akapendekeza Felista aandikwe chini ya kaya ya Mzee Yohana. Atakula huko. Kiwanja na shamba lake virudi kijijini.

Felista alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye majivu. "Nilihamia hapa kwa jina langu," alisema. "Sikuja kama mzigo wa Yohana."

Juzi kaya tatu zilikuwa na debe moja la kugawana. Leo mbili zina debe moja moja na ya tatu haina kitu. Ndiyo faida ya vibiriti vyangu.

Dada hakunilaumu. Alipokuwa akiosha sufuria alisema tu, "Petro, wewe umezoea kuuliza. Safari hii nyamaza kidogo."

Nimeipokea sufuria, nimeikausha.


Ijumaa, 16 Agosti

Nimejaribu kwa majirani. Kuta za kati ni mbili. Mmoja wao akisema ule ukuta ni wa Felista, na mwingine akisema hivyo hivyo, Felista anapata nne. Lakini kila mmoja wao atabaki na tatu. Akikubali mmoja tu, Felista ana tatu, na aliyekubali ana tatu. Nimeigeuza kila upande. Kuta kumi hazitoi nyumba tatu za kuta nne. Nilijua kabla ya kuanza. Nilitaka tu kuwaona wakikataa.

Hamisi alikataa kwa mzaha, ndiyo njia yake. Akaniingiza kwake, akanionyesha ukuta wa kati, mweusi kwa moshi wa jiko la mkewe.

"Ona masizi haya, shemeji. Mwenye masizi ndiye mwenye ukuta."

Ananiita shemeji ingawa hatujaoleana. Ni utani wake tangu nilipofika. Nikamwambia upande wa pili nao una masizi, ya Felista. Akatazama chini. Watoto wake walikuwa wamekaa wakitutazama, wote kimya. Watoto wenye kushiba hawakai hivyo. Sikuendelea.

Mzee Yohana hakufanya mzaha. Alisema walichimba mashimo ya nguzo pamoja, na kama angejua siku itakuja ya kugawa kuta, asingejenga. Mkewe akasema ndani, kwa sauti ya kusikika, kwamba kila mtu ana ndugu wa mjini wa kumtetea isipokuwa wao. Nilisikia. Ni kweli pia.


Jumamosi, 17 Agosti

Mahindi ya njano yamegawiwa. Hamisi debe. Mzee Yohana debe. Felista hakwenda. Alikaa uani akichambua mboga ya mlenda kavu ambayo ilikwisha kuchambuliwa jana.

Mchana Hamisi akaja na kibaba. Mzee Yohana akaja na kibaba. Dada akapokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru. Walipoondoka akasema hivyo vitafika Jumanne, kisha watu hao hao watakuwa hawana, na yeye atakuwa ombaomba mwenye paa.


Jumapili, 18 Agosti

Hakuna.


Jumatatu, 19 Agosti. Singida

Nimepanda lori la pamba hadi mjini. Posta, simu. Mhariri anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Nimemweleza habari ya kuta. Amesema ni kichekesho, lakini si cha wakati huu. Picha iko wapi? Nikasema nitaileta.

Nimezunguka maduka ya sokoni kutafuta mahindi ya kununua. Pesa ninayo. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kufuma, amenionyesha mapipa yake, yote yamefagiliwa. Alisema ana chumvi, ana nyembe, ana tochi zisizo na betri. Nimenunua chumvi.

Nimeonana pia na mkubwa mmoja wa Katibu. Ofisi safi, dirisha linaangalia ziwa. Amenikaribisha vizuri, tuliwahi kuonana katika mikutano. Amesikiliza dakika chache. Alisema agizo la kuta nne halikukusudiwa hivyo. Watu walikuwa wanasimamisha vibanda vya majani ili waandikwe, ndiyo maana ikasemwa kuta nne. Nikamwuliza basi kama anaweza kulibadilisha. Akasema hilo ni la kata. Nikamwambia kata inasema ni la kwake. Akatabasamu kwa huzuni, akanipa mkono.

Nimezoea kupata kitu. Jina, kauli, hata uongo. Leo nimepata mkono wa mtu.


Jumatano, 21 Agosti

Nimerudi jana jioni. Dada hakunisubiri. Wakati nikiwa mjini alikwenda mwenyewe kwa Katibu, akamwuliza swali moja ambalo mimi sikufikiri kuliuliza. Si kuta ni za nani. Aliuliza ukuta ni nini.

Yaani, akijenga ndani ya chumba chake ukuta mwingine, kandokando ya huu wa Hamisi, utahesabiwa? Katibu alifikiri akasema ukuta uliogandana na ukuta ni lipu, hauhesabiwi. Lazima uonekane ni mwingine. Ukae peke yake, kwa nguzo zake, na kati ya kuta hizo mbili mkono wa mtu upite.

Dada akaja nyumbani akaanza kukata fito.

Nimeitafakari hesabu hiyo mchana wote na siioni kosa lake. Vibiriti vikigusana, nyuso zinapotea. Ukiviachanisha kwa upana wa mkono, nyuso zote zinarudi. Kuta mbili mpya, moja kila upande. Kumi na mbili. Kila kaya nne.

Ila chumba chenyewe hakiongezeki. Kitapungua kwa unene wa ukuta na upana wa mkono, kushoto, na hivyo hivyo kulia. Nimemwambia twende Dar es Salaam. Akaniuliza kule atalima wapi.


Alhamisi, 22 Agosti

Tumejenga. Mimi nilikanyaga udongo. Maji yalikuwa machache, kwa hiyo tope lilikuwa zito na miguu ilichoka upesi. Dada alisimamisha fito na kuzifunga kwa kamba za magome. Ana haraka na mkono wake haukosei.

Baada ya adhuhuri Hamisi alikuja bila kuitwa, ameshika mwiko wa mti. Hakufanya utani wowote. Akaanza kukandika ule ukuta wa upande wake, yaani ukuta wa kumtenga yeye na Felista. Mzee Yohana akaja baadaye, akashika upande wake. Hakuna pombe, hakuna wimbo. Watu watatu wanajenga kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekihitaji, na wanakijenga vizuri, kwa sababu hawajui kujenga vibaya.

Mke wa Mzee Yohana ameleta uji. Amempa Felista kwanza.

Kwenye nafasi ile nyembamba kati ya kuta, hewa haipiti. Mzee Yohana anasema mvua zikija panya watakaa humo, na nyuma ya panya nyoka. Wote tumekubaliana. Tumeendelea.


Ijumaa, 23 Agosti

Kuta zinakauka. Tumehamisha vitu vyake ili tuone kinachoingia. Kitanda cha kamba alichoacha marehemu kikiingia, kinafika ukuta hadi ukuta na mtu hapiti kwenda nyuma kwenye jiwe la kusagia. Jiwe likibaki, kitanda hakiingii. Nilimwambia jiwe tulitoe nje.

"Kitanda hakisagi, Petro," alisema.

Kitanda tumekipandisha juu ya paa. Tumekilaza miguu ikiangalia juu ili upepo usikichukue.

Nikisimama katikati ya chumba na kunyoosha mikono, haikunjuki. Viwiko vimepinda na viganja vimegusa kuta zote mbili. Nimejaribu mara mbili.


Jumamosi, 24 Agosti

Katibu amekuja asubuhi. Akavua saa, akakunja mkono wa shati, akapitisha mkono kati ya kuta upande wa Hamisi. Umepita. Upande wa Mzee Yohana ulikwama kwenye kiwiko. Akaugeuza. Akavuta pumzi. Umepita. Alipoutoa ulikuwa mwekundu kwa udongo hadi begani, na shati lake lilikuwa jeupe.

Mke wa Hamisi akasema mlangoni, "Sasa umeoa humu, Katibu. Mahari lini?" Katibu akacheka kweli, kwa mara ya kwanza.

Akahesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Nyumba tatu. Akaandika jina la Felista mahali pake. Akanitazama, nadhani akitaka niseme kitu. Hakuwa na furaha ya kushinda, maana hakuna aliyeshindwa. Aliniambia polepole kwamba kaya nyingine mbili za tembe kule korongoni zimeanza kuuliza fito zinapatikana wapi.

Mchana Felista amepewa debe lake. Amelibeba kichwani mwenyewe, hakutaka lipokewe. Nilipiga picha ya tembe kutoka barabarani, kama mhariri anavyotaka. Ukuta wa mbele umetoka vizuri, mrefu, laini, jua limeupiga ubavuni. Kwenye picha huwezi kuona kitu chochote kilichotokea hapa. Nitaituma. Maelezo yatasema nyumba mpya. Si uongo.

Sina cha kuandika juu ya ninavyojisikia. Nimechoka mikono.


Jumatatu, 26 Agosti

Nimeamka kwa sauti ya kusaga. Jiwe juu ya jiwe, polepole, bila kusimama. Nimelala nje, pembeni ya mlango, kama siku zote hizi tangu Alhamisi.

Ugali wa mahindi ya njano una harufu yake. Tumekula. Dada ametia chumvi kwenye mlenda na kusema chumvi ya Singida ni nzuri. Ameniambia jinsi anavyolala sasa. Ameigeuza ngozi ya ng'ombe, kichwa mlangoni, miguu kwenye jiwe. Akitaka kujigeuza anakaa kwanza. Alieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Basi la mjini hupita barabarani saa tatu. Nilipotaka mkoba wangu, ulikuwa ndani, kule mwisho. Dada alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe. Akasimama, akajifuta unga, akatoka nje ili mimi niingie.

Nikauchukua. Nikatoka. Akaingia tena.